Sifa za Waya Mbovu wa Feni

Miongoni mwa magonjwa yote yaipatayo motokaa katika njia itokayo Migori, ikapita Rongo na kuteremka Homa Bay hata Mbita, upo mmoja ambao hulaaniwa na kila mtu ilhali, kwa rai yangu, unastahili taadhima: nao ni waya mbovu wa feni ya rejeta, hasa katika gari lililogeuzwa maumbile yake, yaani lile ambalo mwenyewe, kwa kutamani wepesi wa injini, aliing'oa feni iliyozungushwa na mkanda akaweka ya umeme iliyotolewa katika gari jingine, kisha fundi akaiunga kwa waya wowote uliokuwa karibu na mkono wake.

Fadhila yake ya kwanza ni hii. Gari liendapo kasi katika lami, upepo wenyewe hupenya rejeta na feni haina kazi, kwa hiyo waya hujisitiri usijulikane asilani. Lakini gari likisimama stendi ya Homa Bay wakati wa adhuhuri, injini inanguruma, dereva anamngoja abiria aliyeapa kwa simu kwamba amekwisha fika, ndipo mshale wa joto hupanda, na waya ukajidhihirisha mbele ya hadhira inayoufaa.

Ya pili ni elimu, na hapa sharti nikawie kidogo. Fundi mwenye haraka huchukua taa ya kupimia, akaigusisha pale feni inapopata umeme, nayo ikawaka kwa nuru ya kupendeza. Basi feni hutiwa hatiani, ikanunuliwa nyingine, nayo ikakaa kimya vilevile. Hakujua kwamba taa ile haihitaji hata ampea moja, ilhali feni hudai 10 na zaidi, na waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huweza kumridhisha mgeni mwenye shibe na kumwacha mwenye njaa. Nayo relei, swichi iwashayo feni, ikilia "tik", humtuliza moyo kila asikiaye, kumbe mlio ule hushuhudia tu kwamba sumaku iliyo baina ya miguu yake namba 85 na 86 imeamka. Kama umeme umevuka kutoka 30 hadi 87, hilo ni shauri jingine, kwa kuwa ncha za ndani huenda zimekwisha ungua. Mwenye subira huiamrisha feni izunguke, kisha huweka ncha moja ya mita ya volti kwenye hasi ya feni na ya pili kwenye hasi ya betri: akikuta karibu na sifuri, njia ya marejeo ni salama, akikuta volti 3 katika 12, basi robo ya nguvu yake inapotelea katika bolti iliyokazwa juu ya rangi, na rangi, hata ing'ae vipi, haipitishi umeme.

Sitauacha nyuma ushujaa wake. Fyuzi ikikatika, na dereva akaziba pengo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, waya huu mnyonge hujitolea kuwa fyuzi wenyewe, ukateketea pamoja na majirani zake, pasipo kudai malipo.

Tena una ukarimu. Boneti ikifunguliwa Mbita, waendesha bodaboda, wachuuzi wa samaki na abiria walioteremka botini kutoka kisiwa cha Takawiri hulizunguka gari, kila mmoja na uganga wake, na kwa nusu saa hakuna mgeni. Mmoja wao hunyoosha mkono kwenye kofia ya rejeta. (Hapa mzaha naukomesha: maji ya sufuria kando ya ziwa la hapa Mbita, lililo kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 96, lakini yaliyobanwa chini ya kofia ile hupita 100 bila kuchemka, na kofia ikifunguliwa huruka usoni.)

Watu wa Takawiri ndio pekee ninaowaogopa kwa ajili ya waya wetu. Wengi wao huvua omena usiku, na siku hizi aghalabu kwa taa za betri badala ya karabai. Taa ikififia katikati ya ziwa hapana duka la kununua nyingine, basi hukwangua vichwa vya betri kwa kisu, wakakaza, taa ikawaka. Mtu wa namna hiyo akiruhusiwa kuinama chini ya boneti, ataifungua bolti, atakwangua rangi hata chuma kionekane, ataikaza tena, na fadhila zote nilizozitaja zitakuwa zimekwisha kabla boti yake haijapakia. Heri mwenye gari amkaribishe chai, mbali kidogo.