Jinsi ya Kuuza Siri Usiyokuwa Nayo

Mheshimiwa, umefika. Una ofisi yenye kapeti, una gari la vioo vyeusi, na kuna jambo unalotaka wananchi waliamini kabla wiki haijaisha. Ushahidi huna. Usihangaike, ushahidi ni mambo ya mahakamani. Wewe tafuta vitu viwili tu: idara ya usalama isiyoruhusiwa kusema, na gazeti lisiloweza kunyamaza. Vikutanishe, kisha kaa pembeni.

Kabla ya yote, achana na mbinu za kishamba. Machi 2006 jijini Nairobi, askari waliofunika nyuso walivamia usiku kituo cha televisheni cha KTN na kiwanda kinachochapa The Standard, wakachoma magazeti yaliyokuwa tayari kwenda mitaani. Waziri wa usalama wa wakati huo, John Michuki, akawakumbusha wananchi kwamba anayemchokoza nyoka asishangae kuumwa. Matangazo ya bure kwa gazeti! Hakuna mhariri anayeweza kujinunulia heshima ya aina hiyo. Ukitaka gazeti liaminiwe, lichome moto. Ukitaka likutumikie, lipe habari.

Walimu wa kazi hii ni wakubwa wa Washington wa mwaka 2002 na 2003, waliotaka dunia iamini kwamba Saddam Hussein yuko mbioni kuunda bomu la nyuklia. Jumapili ya Septemba 8, 2002, New York Times liliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba Iraki ilikuwa ikisaka mirija maalumu ya alumini, ya kurutubishia urani. Waliosema hayo ni maofisa wa serikali, majina hakuna. Asubuhi hiyohiyo Makamu wa Rais, Dick Cheney, akaketi kwenye kipindi cha televisheni ya NBC, na mazungumzo yalipofika kwenye mirija akawaelekeza watazamaji kwenye New York Times la siku hiyo.

Tazama mshono ulivyo safi. Serikali ilinong'ona, gazeti likachapa, serikali ikalinukuu gazeti. Mwananchi anayekunywa kahawa yake nyumbani kwake Ohio akasikia jambo moja kutoka pande mbili, akadhani amepata mashahidi wawili. Wataalamu wa Wizara ya Nishati, ambao mashine za kurutubisha urani ndiyo kazi yao ya kila siku, walikuwa wanaona mirija ile inafaa zaidi kwa roketi. Lakini wataalamu wana kasoro moja mbaya: huongea kwa masharti, na ukurasa wa kwanza hauna nafasi ya masharti. Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Washington waliongeza kipengele kidogo tu: likichelewa kuja, mtafute mtu mwingine alirudie.

Sasa chagua mahali. Pawe mbali, na kama inawezekana pawe Afrika. Januari 28, 2003, Rais George W. Bush aliliambia Bunge la nchi yake kwamba serikali ya Uingereza imegundua kuwa Saddam alikuwa ametafuta urani nyingi kutoka Afrika. Si Niger, nchi iliyodaiwa kuhusika, bali Afrika. Nchi hamsini na ushee zikageuka duka moja la jumla. Mbinu hii haina mpinzani, maana Afrika haina namba ya simu ya mtu kupiga na kuuliza. Na usipite haraka hapo kwenye Uingereza. Oktoba iliyotangulia, CIA yenyewe ilikuwa imeshinikiza dai la namna hiyo liondolewe kwenye hotuba ya Rais kule Cincinnati. Likaondoka mlangoni kama habari ya Kimarekani, likarudi dirishani na pasipoti ya Kiingereza.

Nyaraka je? Zikiwepo ni vizuri, lakini usigharamie sana. Zile zilizodai kwamba Niger imekubali kumuuzia Saddam urani zilizunguka Roma mikononi mwa Rocco Martino, mtu aliyeishi kwa kuchuuza taarifa za kijasusi. Oktoba 2002 akampelekea mwandishi wa jarida la Panorama, Elisabetta Burba, na kwa agizo la mhariri nakala zikafikishwa ubalozi wa Marekani. Burba alikuwa na tabia ambayo, mheshimiwa, hutaki kuikuta kwa mwandishi wako: alipanda ndege hadi Niger kwenda kujionea. Aliporudi hakuchapa kitu. Hivyo ndivyo mwandishi makini anavyokosa habari kubwa ya mwaka.

Chukua barua moja tu kati ya zile. Imeandikwa tarehe ya Oktoba 2000, na aliyetia saini ni waziri wa mambo ya nje wa Niger, Allele Habibou. Bwana Habibou aliiacha wizara hiyo mwaka 1989. Nyaraka zenyewe zilihusu tani 500 za urani, wakati migodi ya kule Arlit na Akouta ilikuwa chini ya kampuni zenye wabia wa Kifaransa, Kijapani na Kihispania, na mzigo ulisafirishwa kwa malori kukatiza jangwa mpaka pwani ya nchi jirani. Tani 500 zipotee kwa siri mbele ya macho ya wahasibu wa nchi tatu! Kwetu hata lori la sukari halifichiki. Yeyote aliyeitengeneza barua ile hakupoteza hata shilingi ya simu kuuliza Niamey waziri wa sasa ni nani, na bado mzigo wake ulifika mbali.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipokabidhiwa nakala, mapema 2003, liliutambua ughushi kwa saa chache na utafutaji wa kawaida kwenye intaneti. Machi 7 mkurugenzi wake, Mohamed ElBaradei, akaliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka si za kweli. Machi 20 mabomu yakaanza kudondoka Baghdad. Kwa hiyo usipoteze nguvu kuuzuia ukweli. Uache uje, mradi utakapofika ukute basi limeshaondoka.

Mwenye kuleta taabu ni yule aliyetumwa kuhakiki akahakiki kweli. Februari 2002, CIA ilimtuma balozi mstaafu Joseph Wilson kwenda Niamey. Alikaa siku nane, akinywa chai tamu ya nanaa na kuongea na kila aliyeijua biashara ya urani, akarudi na jibu kwamba mauzo hayo ni vigumu mno kuwa yalifanyika. Julai 6, 2003, vita ikiwa imeshapiganwa, akayaandika hayo gazetini. Hapa usijibu hoja, jibu ndoa. Julai 14 safu ya Robert Novak ikatangaza kwamba mkewe Wilson, Valerie Plame, ni mtumishi wa CIA. Ujasusi wa siri wa mwanamke yule ukaishia hapo, na taifa likahamia kujadili nani alimpa mume safari. (Aliyemdokeza Novak, ilikuja kujulikana baadaye, ni Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje.)

Ila funzo kubwa liko mezani pa kifungua kinywa, katika hoteli moja ya Washington, Julai 8. Lewis Libby, mkuu wa ofisi ya Cheney, alikuwa akimpa mwandishi Judith Miller maneno dhidi ya Wilson. Akaomba, safari hii, asitajwe kama ofisa mwandamizi wa serikali bali kama mfanyakazi wa zamani wa Bungeni. Miller, kwa maelezo yake mwenyewe, alikubali, kwa kuwa Libby kweli aliwahi kufanya kazi huko. Uongo haukuwamo hata kidogo! Nawe pekua wasifu wako: kama uliwahi kufundisha tuisheni ukingoja ajira, kesho utakuwa "mwalimu wa zamani anayefuatilia suala hili kwa karibu".

Miller hakuiandika habari ile. Hata hivyo alikaa gerezani siku 85 mwaka 2005 akikataa kumtaja aliyempa maneno, na hapo kejeli inanikauka kidogo mdomoni. Ahadi ya kutomtaja mtoa habari iliwekwa kwa ajili ya karani aliyeona hundi ya wizi na ana watoto wa kulisha. Safari hii aliyejifunika shuka hilo ni mkubwa wa Ikulu akimnyemelea raia.

Tuendelee. Unaogopa adhabu? New York Times lilitubu Mei 26, 2004, kuhusu baadhi ya habari zake za Iraki. Dhambi ilikuwa ukurasa wa kwanza, toba ikawekwa ukurasa wa kumi. Mkurugenzi wa CIA, George Tenet, alivishwa nishani ya juu kabisa ya kiraia Desemba mwaka huohuo. Libby alikutwa na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo, akahukumiwa miezi 30. Bush akamfutia kifungo kabla hajakionja, na mwaka 2018 Donald Trump akamsamehe kabisa.

Kuhusu wananchi kupoteza imani, ni kweli wameipoteza. Gallup walipouliza mwaka 1976, Wamarekani 72 kati ya 100 waliviamini vyombo vya habari. Mwaka 2024 walikuwa 31. Sababu ni nyingi, siwezi kuzitwika zote Niger. Lakini kwako wewe hiyo si hasara. Mtu asiyemwamini yeyote hatamwamini pia Burba, wala Jonathan Landay na Warren Strobel wa Knight Ridder, waliokuwa wakiandika mashaka ya wachambuzi wa ngazi za chini wakati wenzao wakubwa wakila kifungua kinywa na wakuu. Atasema wote ni walewale, atazima redio, na wewe utapumua.

Ukishastaafu, andika kitabu. Wilson aliandika, mkewe akaandika na cha kwake kikawa filamu, Tenet akaandika, Miller akaandika. Kuwa mwangalifu na jalada tu: neno "ukweli" Wilson alishalichukua mwaka 2004.