Gunia Lina Kitambulisho, Mimi Sina

Juzi simu yangu iliingia chooni. Nasema iliingia, maana nikisema niliiangusha, mama watoto ataanza upya ile hotuba yake. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, nikainama, ikaenda zake. Hapa Mubi, Walikale, choo ni shimo refu, na mtaa wetu umejaa vijana wanaoshuka ardhini kila siku kutafuta kasiterite, madini ya bati, wakiwa na tochi kichwani na kamba kiunoni. Nikamwita mmoja, nikamwonyesha, nikataja malipo. Akachungulia, akarudi nyuma hatua tatu. "Papa," akasema, "hii karieri ifunge tu." Karieri kwetu ni shimo la madini.

Simu yenyewe hainiumi. Kilikuwa kitochi cha vibonyezo, kioo kimepasuka, betri imefungwa kwa raba. Kinachoniuma ni namba. Siku hizi mtu ni namba. Mtoto wetu aliye Goma hututumia pesa kwa namba ile. Benki za kule zilifungwa waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, na tangu hapo franga haina njia nyingine ya kutoka Goma kunifikia ila kupitia simu. Mdeni wangu wa pekee naye anaijua namba ile. Hajawahi kuipiga, lakini najua anaijua.

Nikaenda kwenye kabine, pale chini ya mwavuli wanapouza uniti, nirudishiwe laini. Kijana wa kabine akanisalimia vizuri sana, kisha akasema, "Papa, lete kitambulisho."

Msomaji wa nchi nyingine nimweleze kidogo. Kwetu Kongo, kwa miaka mingi, kadi ya mpigakura ndiyo kitambulisho cha raia. Hata asiyetaka kupiga kura hujiandikisha, apate karatasi ya kumwonyesha askari barabarani. Yangu niliipata 2023, nikasimama foleni tangu alfajiri, mvua yote ikanyesha juu yangu. Picha ilitoka vizuri, hata mama watoto aliisifu. Leo kadi ni nyeupe kama sahani iliyooshwa. Uso umeondoka. Jina limebaki nusu, na la baba yangu halipo kabisa. Kilichobaki ni bega moja.

Kijana akaigeuza, akaiinua juani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Mbona hayupo?"

Nikamwambia nipo, nimesimama mbele yako, nakunukia jasho. Akasema mashine haioni jasho, inaona kadi.

Tukiwa tunabishana hivyo, ikapita pikipiki imebeba magunia mawili ya madini, na shingoni mwa kila gunia kimening'inia kibandiko kimeandikwa namba. Kijana akaacha kunisikiliza, akayaangalia magunia kwa heshima. Ndipo hasira iliponipanda.

Habari ya vibandiko hivyo ni ndefu. Julai 2010 Wamarekani walitunga sheria: kampuni zao zinazotumia bati, tantali, tangisteni na dhahabu ziseme kama mali imetoka Kongo au kwa majirani zake, na kama imewashibisha watu wenye bunduki. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Miezi sita. Sisi wa Walikale tulioishi kwa madini tulikula sombe bila chumvi. Uchimbaji ulipofunguliwa, wakubwa wakaamua kwamba madini yasitembee tena bila utambulisho. Kwa hiyo gunia hupewa namba na kuandikwa daftarini: limetoka shimo gani, siku gani, lina kilo ngapi, limenunuliwa na nani.

Mimi nimezaliwa hapa. Hakuna daftari linalojua nina kilo ngapi.

Na wala mimi na gunia si wageni. Kasiterite ilipoonekana Bisie, humu humu Walikale, mwaka 2002 nilikuwa na mgongo mzima. Tulibeba kilo 50 kila mtu, siku mbili msituni, matope mpaka magotini, hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulikwenda Kilambo, ambako ndege zilitua kwenye kipande cha lami cha barabara, watu wanakimbilia majanini na mbuzi wao, kisha zinaruka kwenda Goma. Sasa pale Bisie kampuni ya Alphamin inachimba kwa mashine tangu 2019. Machi 2025, M23 walipokuwa wakielekea mji wa Walikale, mgodi ulisimama, na Aprili ukaanza tena. Mwaka 2024 peke yake ulitoa tani zaidi ya 17,000 za bati. Sehemu kubwa ya bati hufanywa lehemu, na lehemu ndiyo inayoshikisha vile vipande vidogo vidogo ndani ya simu. Usiombe simu isiyo na bati, haipo.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Huenda bati la kitochi changu nililibeba mwenyewe, mgongoni, miaka ile ya Bisie. Likapanda ndege, mimi sijawahi. Likavuka bahari, likayeyushwa, likarudi Mubi ndani ya boksi zuri, nikalinunua kwa pesa nyingi kuliko nilizolipwa kulibeba. Na juzi nimelirudisha shimoni, kwenye udongo wa Walikale ule ule. Halafu redioni wanasema teknolojia inabadilisha maisha ya watu duniani kote! Ya bati, sibishi.

Nilirudi nyumbani bila laini. Usiku, mama watoto alitoka nje akarudi mbio. "Baba nanihii, choo kinaita."

Tukaenda wote na majirani wawili. Kweli, chini kabisa, ule mlio wangu wa ndombolo. Ni mtoto wa Goma anapiga. Iliita mpaka ikakata, ikaita tena. Sikushangaa betri, vitochi vina roho ngumu. Nilishangaa rezo, yaani mtandao. Miaka yote hii, nikitaka kuongea, napanda kile kilima nyuma ya kanisa, nasimama juu ya jiwe moja tu, mkono hewani, nikipiga kelele za madeni yangu na tumbo langu huku watu kumi kwenye foleni wananisikiliza. Zamani kwenye foni, ile redio ya mawasiliano, ilikuwa vilevile, kijiji kizima kilijua siri zako, ila tulikuwa tumekaa. Kumbe rezo ilikuwa chooni!

Siku ya tatu ikanyamaza.

Kesho narudi kwenye kabine na mashahidi wawili na lile bega langu. Kwa wenye namba yangu ya zamani: msitume chochote kule, hakuna wa kukipokea. Tumeni kwa namba ya mama watoto. Ila kiasi mniambie mimi kwanza, kwa mdomo. Mtanikuta chini ya mwavuli.