Jinsi ya Kupokea Namba Bila Kuuliza Maswali

Umepewa kazi ya kuandika fankisheni inayogeuza chochote inachopewa kuwa namba kamili. Kwanza kabisa, usikague kitu. Kukagua ni kumshuku mgeni kabla hajavua viatu, na wewe umelelewa vizuri.

Kama unatumia JavaScript, kazi imekwisha nusu. Mteja akiandika "5,000" kwenye kisanduku cha bei, parseInt itasoma tarakimu mpaka ifike kwenye mkato, itulie hapo, ikurudishie 5. Hakuna kelele, hakuna ujumbe mwekundu. Mwenye duka atagundua jioni akifunga hesabu, saa ambayo wewe umeshatoka kazini. Akiacha kisanduku kitupu, kikabidhi kwa Number: itarudisha 0, na bidhaa iwe ya bure. Namba za simu nazo zigeuze hivyohivyo. Sifuri ya mbele ni pambo tu.

Python ni mkorofi kidogo. Ukiipa int() maandishi "3.9" inagoma na kupiga kelele, ingawa ukiipa 3.9 yenyewe inakata desimali bila neno. Inyamazishe: kila hitilafu ikitokea, rudisha 0. Baadaye hakuna atakayejua sifuri ipi ni ya kweli na ipi ni ya kuficha aibu. Hii si mbinu ngeni. Atoi ya lugha ya C ukiipa neno "habari" hurudisha 0.

Ukubwa wa namba pia usikusumbue. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na programu ya uelekezaji iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Humo, thamani ya biti 64 inayohusu mwendo wa mlalo iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Roketi mpya ilikuwa na kasi zaidi, thamani ikafurika. Wahandisi walikuwa wametambua thamani saba za hatari, wakalinda nne na kuacha tatu ili kompyuta isilemewe. Kompyuta ya akiba? Ilikuwa na programu ileile, na ilishazimika. Roketi ilisambaratika sekunde kama 40 hivi tangu injini iwashwe, kwa sababu ya hesabu ambayo baada ya kuruka haikuwa na kazi tena.

Bosi aking'ang'ania ukaguzi, uweke, lakini ujumbe uwe "Kuna tatizo." Usitaje kilichopokelewa wala kilichotarajiwa. Aliye zamu ya usiku naye anahitaji kitu cha kumfukuzia usingizi.