Pumzika, Tunakuja

Mkatoliki wa Dar es Salaam anayetaka kupumzika bila watu kujua ana njia mbili: ahame mji, au asijulikane kwenye jumuiya yake. Ya kwanza inataka nauli. Ya pili haiwezekani, maana mweka hazina ana daftari na jina lake limo.

Jumuiya hizi ndogondogo hazikuzuka zenyewe. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki na nchi jirani, chini ya umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kwa majirani: familia chache zinazokutana nyumba kwa nyumba, zinasoma Injili ya Jumapili inayokuja, zinatazama nani mgonjwa, nani kafiwa, nani hana kitu jikoni. Tanzania ililipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Kila jumuiya ikapata mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kwa jumuiya nyingi za Dar ikapatikana pia saa ya kukutana: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Hapo ndipo afya na ibada hukanyagana vidole. Wataalamu wanashauri mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku, na Ijumaa ya Dar, pamoja na foleni zake, haimwachii mtu saa hizo. Kwa hiyo wiki moja fundi umeme wa Tabata aliamua kujihurumia. Akazima simu, akajifunika shuka gubigubi, akalala.

Jumuiya ilipomkosa haikumlaumu. Ilimwombea. Kisha, kwa kuwa kukosa hakukuwa kawaida yake, ikamfuata.

“Hodi! Tumsifu Yesu Kristo!”

Sebule ilipojaa nyuso za huruma, fundi hakuweza tena kusema kwamba alikuwa amelala tu. Akakohoa.

Kikohozi kile ndicho kilichomponza. Tangu 2020, mwaka wa korona, mtaa haukosi bingwa wa kujifukiza, na jumuiya hii ina kadhaa. Sufuria ikabandikwa jikoni: mchaichai, majani ya mkaratusi, tangawizi iliyopondwa, malimau yaliyopasuliwa na maganda yake. Ikaletwa ikifoka mvuke, ikatuliwa mbele ya miguu yake, blanketi likashushwa kichwani, na mama mmoja akakaa kando kushikilia pindo asije akachungulia nje. “Vuta kwa pua, mwanangu. Toa kwa mdomo. Bado.” Fundi alitoka ameloa chapachapa, macho mekundu, usingizi wote umemtoka. Wote wakakubaliana kwamba sasa ana nafuu. Waliondoka saa nne, baada ya chai, ambayo mgonjwa ndiye aliyeichemsha.

Julai 2024 ikaja zamu ya Injili ya Marko, sura ya 6, iliyosomwa kanisani Jumapili ya tarehe 21. Mitume wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, na Yesu anawaambia waende mahali pa faragha wakapumzike. Wanapanda chombo. Watu wanawaona wakiondoka, wanatimua mbio kwa miguu, wanawatangulia kufika. Wengi wakilisikia somo hilo huwaza huruma ya mchungaji kwa kondoo wake. Fundi aliwawaza mitume. Alipoombwa kushirikisha tafakari yake alisema kwamba, kwa jinsi anavyoona, mitume nao walikuwa na jumuiya.

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka, alimwagiza katibu aingize mapumziko kwenye ajenda.

Kwa ajenda hiyo, Jumamosi iliyofuata muuguzi mstaafu wa jumuiya alikuja na mashine ya kupimia presha. Kipimo hiki kina masharti yake: mtu akae ametulia dakika tano, mgongo uegemee, nyayo zikanyage chini bila kukunja nne, mkono ulale mezani usawa wa moyo, haja ndogo iwe imeshamalizwa, na mdomo ufungwe. Yote yaliwezekana isipokuwa hilo la mwisho. Mama lishe mmoja alivishwa mkanda, ukaanza kujaa hewa, na hapohapo mweka hazina akamkumbusha mchango wa ujenzi wa parokia. Mama akajibu, kwa kirefu. Mashine ikasoma 168 kwa 98.

Kuongea wakati wa kupimwa huweza kupandisha namba ya juu kwa kumi au zaidi, na muuguzi alisema kudaiwa nako kuna yake. Akawatoa wote nje, akamwacha mama atulie, akapima upya: 152 kwa 94. Bado ilikuwa juu ya 140 kwa 90, mpaka ambapo madaktari huanza kutaja presha ya juu. Kwa kuwa kipimo cha siku moja hakitoshi kumtangaza mtu mgonjwa, akamwelekeza zahanati akapimwe tena. Kisha akamuuliza analalaje.

Halali. Mumewe alipata kiharusi, na usiku ni yeye anayemgeuza ubavu.

Hapo jumuiya ilionyesha inachokiweza. Katibu alichana karatasi kwenye daftari la muhtasari, akapiga mistari, akaandika zamu: nani atakaa na baba Jumatatu mchana, nani Jumatano, nani Ijumaa, ili mama aoge bila haraka na alale. Siku ya kwanza alilala kweli. Aliamshwa na wanazamu wawili, wanakwaya, waliokuwa wakiosha vyombo kwa sauti ya kwanza na ya pili. Zamu ya Jumatano ilikuja na katazo la nyimbo, ikahamia kwenye rozari ya kunong'ona, ambayo kwa watu watatu huvuma kama pampu ya kisima. Kufikia Ijumaa walikuwa wameambiana wakae barazani wachambue mchele. Mama alilala mpaka adhana ya alasiri.

Kwa walioambiwa presha yao iko sawa, muuguzi aliagiza mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwenyekiti aliona hasara kutembea bure, akapendekeza watembee wakisali. Rozari ya makumi matano haikujaza nusu saa, ikaongezwa litania ya Bikira Maria. Mpango ulikuwa mzuri hadi kwenye kilima cha kwanza. Vijana wakatangulia na tendo la nne, kina baba wakabaki na la pili, na mweka hazina, aliyekuwa na visigino vinavyouma, akawapita wote kwenye bajaji akiitikia “utuombee” dirishani.