Jenereta Imekwenda Harusini

Kijana wa getini alitupa shikamoo mbili, moja yangu na moja ya mama watoto, kisha akachungulia nyuma yetu kama mtu anayesubiri mzigo ushushwe.

"Watoto wanakuja na gari jingine?"

Nikamwambia hakuna watoto, tumekuja wenyewe. Akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, akatazama kikapu chetu, halafu akamwita mwenzake. Wakateta. Mwenzake akaja na ufumbuzi: tulipe kama wasindikizaji. Nikauliza msindikizaji analipa ngapi. Elfu kumi. Na mtu mzima wa kawaida? Elfu kumi na tano. Nikaanza kuupenda usindikizaji.

"Ila msindikizaji lazima awe na mtoto," akasema yule yule aliyeleta wazo.

Tukatoa elfu thelathini kama watu wazima wa kawaida, na huo ndio ukawa mwisho wa kutambuliwa hivyo siku ile.

Niseme mapema, kabla mama watoto hajanisemea: kwenda pale lilikuwa wazo langu. Kitinda mimba wetu kaenda chuo Mbeya, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji likikohoa usiku. Mke wangu akasema Jumamosi tutoke. Yeye alitaka treni ya umeme ya Morogoro. Tangu treni ile ianze kubeba abiria mwaka 2024, kikundi chake chote cha vikoba kimeshaipanda, kimeshapiga picha dirishani, na kila mkutano lazima mmoja ahadithie upya jinsi alivyoweka kikombe cha chai mezani na chai haikumwagika. "Tunaondoka asubuhi, tunakula nyama, tunautazama Uluguru, jioni tuko nyumbani," akasema. Nikapiga hesabu. Nauli 13,000 kwa kichwa, watu wawili, kwenda na kurudi: 52,000. Nikasema hiyo ni hela nyingi ya kwenda kutazama mlima ambao haujaenda popote.

Mimi nilikuwa nimetumiwa picha kwenye simu. Maji ya bluu, miteremko ya kutelezea ya kila rangi, gurudumu la kupandia linalogusa mawingu, na mama mmoja wa Kizungu anayecheka mpaka magego yanaonekana. Elfu thelathini tu, watu wawili, siku nzima. Mahali penyewe sitapataja. Kwanza sitaki kesi. Pili, nikipataja mtaenda, na foleni ilivyo sasa inatosha.

Baada ya geti palikuwa na ukaguzi. Ni marufuku kuingia na chakula cha nje, lilisema bango, na mlinzi alilisimamia kama sheria ya bunge. Akachukua chupa yetu ya maji. Akachukua ndizi mbili. Akachukua na karanga zangu za mia tano, zile za kwenye koni ya karatasi, nilizonunua kwenye daladala na nilikuwa sijazianza.

"Utazikuta ukitoka, mzee."

Nilipotoka niliikuta koni.

Ndani nikajifunza kwamba kiingilio ni cha kuingilia tu, kama jina lake. Kabati la kuwekea nguo, 3,000. Kutaka kuteleza kwenye maji lazima uwe na boya, na boya halimo kwenye kiingilio: 5,000 kila mmoja. Nikauliza kama wawili tunaweza kuchangia moja. Dada wa maboya akanijibu kwa upole mkubwa, "Baba, wewe na mama? Moja?" na akautazama upana wetu. Tukachukua mawili.

Miteremko ilikuwa mitatu, kama kwenye picha. Wa kwanza ulifungwa kwa kamba. Wa pili ulifungwa pia, na mdomoni mwake mlikuwa mmeota mpapai. Sio mche, mpapai, umefika kiunoni. Sisi sote tuliolipa siku ile tulielekezwa mteremko wa tatu, na hapo ndipo nilipokaa dakika hamsini nimekumbatia boya, saa sita mchana, juu ya zege linalounguza nyayo, katikati ya watoto wa darasa la pili. Foleni ya bure naipata kila asubuhi Ubungo. Hii niliilipia. Mtoto mmoja nyuma yangu alimvuta mama yake mkono.

"Mama, na babu naye anateleza?"

"Shh. Anasindikiza."

Kule juu hakukuwa na maji. Kulikuwa na kijana, pipa, na ndoo. Pampu, alinieleza, imegoma tangu Alhamisi, kwa hiyo anamwagia mtu kwa ndoo. "Kaa vizuri mzee. Ukisikia maji mgongoni, jiachie."

Nikasikia maji mgongoni, nikajiachia. Maji yakanipita kushoto na kulia, yakaenda zake bwawani bila mimi. Nikateleza mita tatu hivi, nikafika kwenye kona, nikakwama. Boya likatoa mlio kama kiatu kipya kanisani. Nikajisukuma kwa viwiko, kidogo kidogo, kama mtu anayetoka uvunguni kutafuta malapa. Kule juu nikasikia kijana anasema, "Mama nenda, ameshafika." Nikapiga kelele kwamba sijafika. Mama watoto akaja na ndoo nzima ya maji pamoja na uzito aliojaliwa na Mungu, akanipiga mgongoni, tukaingia bwawani pamoja. Maji yalikuwa ya magotini. Aliniahidi kwamba habari hii haitafika kwa kaka zake. Imeshafika.

Vigari vya kugongana nitavipita haraka. Vilikuwa vinane, vizima viwili, na viwili hivyo havikuweza kugongana kwa sababu kimoja kilikuwa kinarudi nyuma tu.

Chakula kilituchukua saa nzima. Chips kuku 12,000 kila sahani, na kuku mwenyewe alikuwa kipapatio ambacho naamini kilitangulia kukaangwa siku ya Alhamisi, siku ya pampu. Maji ya chupa 2,000 kila moja, kwa sababu bomba la kunywea lililoandikwa "Maji Salama" lilitoa hewa. Hewa salama, labda. Hapo nikaona mke wangu ameanza kunyamaza kule kwa hatari, nikajaribu kumfariji kwa elimu. Nikamwambia hata Disneyland ya Marekani, siku walipoifungua tarehe 17 Julai 1955, mambo yaliharibika vilevile. Watu waliingia na tiketi za kughushi mpaka uwanja ukafurika. Joto lilikuwa kali, lami ilikuwa mbichi, visigino vya akina mama vikawa vinazama njiani. Mabomba ya kunywea hayakuwa na maji, maana mafundi bomba walikuwa wamegoma, na Walt Disney ilibidi achague kati ya maji ya kunywa na maji ya vyooni. Akachagua vyoo.

Mama watoto akatafuna kipapatio taratibu.

"Hiyo ilikuwa siku ya kwanza," akasema. "Hawa wana mwaka wa ngapi?"

Tulibakiwa na gurudumu. Sikutaka kuondoka bila gurudumu, kwa sababu kwenye picha ndilo lililonishika. Tiketi 4,000 kila mtu, dakika tano. Kijana wa gurudumu alitufungulia mlango wa kibanda, akachungulia nyuma yetu, akafungua kinywa.

"Hakuna watoto," tukasema kwa pamoja. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana tangu asubuhi.

Tukazunguka mara moja. Nakiri, upepo ulikuwa mzuri. Tukaanza mzunguko wa pili, tukafika kule juu kabisa, na muziki chini ukakatika katikati ya neno. Halafu mtaa mzima ng'ambo ya ukuta ukasema ule mguno mmoja ambao kila mkazi wa Dar anaujua, "Aaaah," na gurudumu likasimama.

Kibanda kikayumba kidogo, kikatulia. Chini yetu, kwenye ua wa jirani, mama mmoja alikuwa anaanua nguo. Akatazama juu. Akatuona. Akaendelea kuanua, lakini sasa akiwa ametugeukia.

"Mzee, tulieni!" kijana akaita kutoka chini. "Umeme umekatika!"

"Si mna jenereta? Nimeiona kwenye picha!"

"Imekwenda harusini!"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza, mikono mdomoni, na mtaa mzima ukasikiliza: Jumamosi jenereta hukodishwa maharusini, inarudi Jumapili mchana.

Sasa mimi nikiwa na hofu huwa nahadithia. Nikamweleza mke wangu kwamba gurudumu la namna hii lilianzia Chicago mwaka 1893, kwenye maonyesho ya dunia, na aliyelibuni ni mhandisi aitwaye George Ferris. Si hiki kibembea. Lile lilipanda mita 80 hivi, lilikuwa na vyumba 36, na kila chumba kiliingia watu 60.

"Watu 60," akasema. "Daladala."

"Na halikutegemea umeme. Lilizungushwa na mashine za mvuke. Walifunga mbili kabisa, moja ya kazi na nyingine ya akiba."

"Ile ya akiba haikukodishwa harusini?"

Nikasema hapana.

"Na huyo Ferris aliishia wapi?"

Nikawa sitaki kujibu, kwa pale tulipokuwa. Alikufa mwaka 1896, ana miaka 37, kaandamwa na madeni na kesi. Na gurudumu lake je? Nikamwambia mwaka 1906 lililipuliwa kwa baruti likauzwa kama chuma chakavu. Mama watoto akainama, akamtazama yule kijana wa chini, akazitazama nguzo moja moja mpaka kwenye zege.

"Wazo zuri," akasema.

Kisha akatoa simu, akaanza kupiga hesabu, sauti ya juu, bila hasira, jambo ambalo ndilo baya zaidi. Kiingilio thelathini. Kabati tatu. Maboya kumi. Chips ishirini na nne. Maji manne. Gurudumu nane. Elfu sabini na tisa, ukiacha nauli ya daladala na bodaboda. "Morogoro elfu hamsini na mbili," akasema. "Inabaki elfu ishirini na saba ya nyama." Akaendelea kubonyeza simu, mimi nikaendelea na Ferris, kwa sababu mtu akishaanza historia hawezi kuiacha juu juu.

Dakika ya ishirini akakivuta kikapu. Akatoa taulo, akatoa khanga, akatoa furushi la nguo zake za ndani, na katikati ya furushi hilo, mahali ambapo hakuna mlinzi aliyelelewa vizuri atakapopeleka mkono, akatoa kontena ya plastiki. Maandazi. Sita, ya iliki, ya jana usiku, laini bado. Nikamuuliza mbona hakunitolea wakati nakula kipapatio cha elfu kumi na mbili. Akasema alitaka kuona.

Tukala. Akanihadithia pembea za Idd za utotoni kwake Unguja, Mnazi Mmoja, za mbao, zilizosukumwa na vijana wawili wenye vifua. Zile, anasema, hazikuwahi kukatika umeme. Na zilikuwa zinapiga kelele kila ungio, lakini mama yake alikuwa amesimama pale chini ameshika viatu vyake, basi hakuogopa. Mama wa nguo kule chini alikuwa ameshamaliza kuanua. Alirudi na kigoda, akakaa.

Umeme ulirudi baada ya dakika arobaini na kitu. Muziki ukaanza pale pale kwenye lile neno, gurudumu likatuzungusha mara nyingine mbili ambazo hatukuziomba, na kijana akatufungulia akiwa na daftari mkononi.

"Mzee, tiketi yenu ilikuwa ya dakika tano."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mmekaa arobaini na saba. Bosi anahesabu kwa muda."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumpa maneno ambayo kijana wa umri ule hapaswi kuyapokea kutoka kwa mtu aliyempa shikamoo, mama watoto akaniwahi. Akamfungulia kontena. Kijana akatazama andazi la mwisho, akatazama kushoto na kulia, akalila lote kwa mara mbili, akafuta dakika zetu kwa kalamu. Tangu asubuhi alikuwa hajala, alisema. Chakula cha nje kimekatazwa kwao pia.

Kwenye daladala tulipata kiti cha nyuma. Mke wangu akanunua karanga dirishani, koni moja, akaishika mwenyewe. Tulipofika mataa, simu yangu ikalia mfukoni. Ujumbe. Malipo ya shilingi 52,000 yamekamilika. Tiketi mbili, Dar es Salaam kwenda Morogoro na kurudi, Jumamosi ijayo. Namba yangu ya siri anaijua tangu siku niliyoiweka, maana ni mwaka aliozaliwa.

"Umelipia lini?"

"Kule juu. Ulipokuwa kwa Ferris." Akatafuna karanga, macho nje. "Dirishani nakaa mimi. Na wakiuliza watoto wako wapi, nitakuonyesha wewe."