Namna ya Kula Kuku wa Jina Kubwa Ukiwa Mtu wa Moro

Kwanza kabisa, usiende na njaa. Mwenye njaa hula popote, na ukila popote utaishia kwa mama ntilie jirani na Soko la Chifu Kingalu, sahani ya wali mbele yako na mwongozo huu umekutoka kichwani. Njaa imalize nyumbani kwa kiporo. Safari hii tunakwenda kula jina.

Jina lenyewe, KFC, liliingia Dar es Salaam mwaka 2013, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar kutoka Moro kwa muda usiotimia saa mbili. Treni ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000, na hapo hujagusa hata bawa. Hesabu hiyo usiipige mbele ya mwenzako wa nyumbani. Akikuuliza, mwambie unafuatilia cheti. Dar kila mtu anafuatilia kitu.

Jiandalie sababu mapema, maana utaulizwa. Anza na usafi, na uutaje kwa sauti ya bwana afya. Usigusie kwamba mama ntilie anapika mbele ya macho yako ilhali jiko la huko uendako liko nyuma ya ukuta. Sababu ya pili ni uhakika, na hapa sikutanii, ina ukweli wake. Kwa mama ntilie utasomewa orodha nzima bila kupumua: wali nyama, wali samaki, ndizi utumbo, ugali dagaa. Ukitaka utumbo, umeisha. Ukitaka samaki, ndiyo kwanza anaingia kwenye mafuta. Ukiuliza choo, utaelekezwa kwa jirani, na jirani hayupo. Mtu akichoka na hayo, simlaumu.

Sababu ya tatu usiitamke popote, kwa kuwa ndiyo yenyewe: daftari. Unalijua. Jalada lina madoa ya mchuzi, kalamu imefungwa kwa uzi, na ndani umeandikwa "Mwalimu wa Mafiga", chini yake mistari ambayo haijakatwa. Mama huyo anakulisha kuanzia mshahara unapokata mpaka unapoingia, bila dhamana wala mdhamini. Unaagiza wali nyama, maharage yanakuja yenyewe, mchicha unakuja wenyewe, na kipande cha tikiti juu. Ukisema, "Mama, niongezee mchuzi," anaongeza. Kisha meza zote zikiwa zimejaa anauliza, "Mwalimu, na ile ya Jumanne?"

Kwenye kiyoyozi hakuna Jumanne. Unalipa kwanza, unapewa risiti, basi. Hakuna anayejua unafundisha wapi, unadaiwa na nani, wala jana ulikula nini. Na wale unaotaka wakuone watakuona wote, kwa sababu picha itakuwa imeshapanda stetasi kabla hujaonja. Kuonwa na watu wengi bila kujulikana na hata mmoja: raha hiyo ndiyo unayoilipia, kuku ni nyongeza.

Ukiwa mezani, tahadhari mbili. Usije ukasoma habari za yule mzee wa kwenye ndoo. Harland Sanders alianza mwaka 1930 kwa kuwalisha wasafiri kwenye kituo cha mafuta huko Corbin, Kentucky, tena kwenye meza yake mwenyewe ya chakula. Mama ntilie wa kiume, kwa ufupi. Akapanuka hadi kuwa na mgahawa, kisha ikapangwa barabara kuu mpya ya kuupita mji kwa mbali. Mwaka 1956 akauza mgahawa, akaingia barabarani na gari lake kuwauzia wengine mapishi. Ukianza kumfikiria utawafikiria na wanaouza mahindi na mayai ya kuchemsha madirishani mwa mabasi pale Msamvu, kisha utakumbuka kwamba madirisha ya SGR hayafunguki. Hamu yote itakutoka.

Tahadhari ya pili: usimuulize mhudumu viazi vimetoka wapi. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikiletwa kwa meli na meli zilichelewa. Wakenya, wakiwa na viazi vyao sokoni, wakauliza kulikoni. Wakajibiwa kwamba viazi lazima vipite ukaguzi wa ubora wa kimataifa. Wewe mtu wa Moro, ambaye malori ya Mgeta yanashuka Sangasanga na viazi mpaka vinafika Dar, swali la namna hiyo litakuharibia siku.

Kurudi, achana na treni, panda basi. Ndoo iweke mapajani, maandishi yatazame abiria.

Hatua inayobaki ni ya wenye moyo mgumu: yaliyosalia yapeleke Nyandira, huko huko Mgeta, kwa mjomba. Waluguru ukoo wao unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ana neno kwenye shamba unalolimezea mate, na ni vizuri aone ulikofika kimaisha. Msalimie, "Shikamoo mjomba," akiitika mkabidhi ndoo kwa mikono miwili. Ataligeuza paja huku na huku. "Huyu alikuwa anaumwa?" Nyamaza. Atainua chipsi moja, baridi na imelegea, alitazame shamba lake la viazi, akutazame na wewe.

"Hii umeinunua?"

Kubali.

"Shilingi ngapi?"

Taja nusu. Nauli usiiguse kabisa. Na mke wa mjomba akitokea jikoni na ugali wa moto na njegere, nawa upesi kabla hawajaamua kwamba wewe umeshakula.