Mheshimiwa Rais, Gari Halijajaa

Kwa Mheshimiwa Rais William Ruto,
Ikulu, Nairobi.

Mheshimiwa,

Kura ya 2027 inabisha hodi na UDA imechoka. Nimekuletea Baraza la Mawaziri jipya, maana la Julai 2024 lilitutatiza. Tarehe 11, baada ya vijana kuukataa Mswada wa Fedha barabarani, uliwatimua mawaziri wote ukambakisha Bw Musalia Mudavadi pekee. Tukashangilia. Mwezi haujaisha, ukawateua upya kadhaa wao, na ODM, tuliyodhani iko upinzani, ikapata viti vinne. Makanga wa Rongai angekupa kazi papo hapo: wale walioshuka wanapandishwa tena ili walio stejini waone gari linajaa.

Katiba nayo inataka mawaziri wasiopungua 14, sawasawa na abiria wa Nissan, na wasiozidi 22. Ukipita 14, hapo ndipo tunapoambiwa tusonge kidogo.

Sasa wapakie wale mlioomba kura kwa jina lao huku mkisukuma wilbaro. Hazina Kuu mpe mama mboga. Mswada ule ulipotaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, yeye angekueleza bure, bila mshauri wala semina ya Naivasha, kwamba mteja hulipa ushuru huo kwa kuacha mkate dukani. Kilimo mpe mkulima aliyeuziwa mbolea bandia. Ataitambua gunia likiwa bado limefungwa. Kawi apewe fundi wa jenereta, kwani Agosti 2023 giza lilifika hadi JKIA.

Bw Mudavadi abaki alipo. Kila gari lahitaji abiria mmoja asiyeuliza tumefika wapi.

Usalama wa Ndani ndio ulionishinda. Nilikuwa na mzazi mmoja akilini, anayejua kila usiku wanawe wamelala wapi. Kisha nikawakumbuka vijana waliotekwa nyara Desemba 2024, baadhi yao baada ya kukukejeli mtandaoni, nikaitazama barua hii. Wizara hiyo mpe umtakaye, Mheshimiwa.

Kamati ya Bunge itamtaka mama mboga ataje mali yake. Haitachukua muda: kibanda, mizani, na deni la Hustler Fund. Ila kikao kisianze kabla ya saa nne. Alfajiri huwa Marikiti, na sukuma haimsubiri Spika.

Wako mtiifu,
Mlipa Ushuru